Naima Hakak na Saa za Ukimya za Kfar Narkis

Ukipita Kfar Narkis siku hizi baada ya chakula cha mchana, utadhani wenyeji wamehama. Kuta zimefunikwa maua ya zambarau, nyuma ya kuta mabwawa ya kuogelea yametulia kama vioo, magari ya thamani yamejilaza kivulini, na hata mbwa wa pale hubweka mara moja tu kisha akajistahi. Wanaoishi humo ni mawakili, madaktari wa moyo, mabalozi wa nchi za mbali, na vijana waliouza kitu fulani cha kompyuta wakastaafu kabla ya kuota mvi. Lakini kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi hakuna anayewasha mashine ya kukatia majani, hakuna anayepigilia msumari, hakuna anayempigia jirani simu. Mgeni hudhani ni pesa ndiyo inayonyamaza namna ile. Sivyo, jamani. Ukimya uliitangulia pesa kwa miaka mingi. Ulikuja pamoja na kuku.

Aliyeujua ukimya huo kwa kuuogopa kwanza, kisha kwa kuustaajabia, ni Naima Hakak, ambaye mpaka leo anaishi katika nyumba ya vyumba viwili yenye paa la vigae, iliyobanwa katikati ya majumba mawili makubwa. Ana miaka tisini na ushee. Ngoja niwaeleze alivyofika pale, na alivyoponea chupuchupu kufukuzwa.

Naima alikuwa bibi harusi wa juzijuzi alipotoka Hilla, mji wa Iraki uliokaa ukingoni mwa mto Frati, mahali ambapo mtu akidondosha kokwa ya tende leo, kesho anagombana na jirani kuhusu kivuli. Yeye, mumewe Sasson na mama yake Sasson walipanda ndege kila mtu na sanduku lake moja, wakashuka katika nchi waliyoitaja kwenye sala zao za Kiyahudi tangu wazaliwe, na nchi ikawapokea kwa hema. Kambi yenyewe ilikuwa ya matope, na mvua ikinyesha sufuria zilielea kama mabata. Sasson, aliyekuwa karani mwenye kalamu mbili mfukoni, alikabidhiwa sururu akaenda kuchimba barabara.

Kisha ikaja habari. Kijiji cha Kfar Narkis, juu ya kilima cha mchanga, mwendo mfupi kutoka kambini, kilikuwa na kiwanja kisicho na mtu: nyumba ndogo na banda la kuku. Kamati ya kijiji ilitafuta mume na mke vijana wasioogopa kazi. Masharti yalikuwa haya: wangekaa mwaka mmoja kwa majaribio, na mwaka ukiisha wanachama wote wangekutana kupiga kura. Wakikubaliwa, kiwanja ni chao na cha watoto wao. Wakikataliwa, au wakivunja sheria za kijiji mara tatu, wanarudi hemani.

"Mara tatu?" Mama Sasson aliuliza, akikamua maji kwenye blanketi. "Mimi mara tatu nitakuwa nimezimaliza kabla ya kunywa chai."

"Ndiyo maana wewe utabaki hapa kwanza, mama," Sasson akasema. "Tukishakubaliwa tutakuja kukuchukua."

"Mwana niliyemzaa mwenyewe!" Mama Sasson akamwambia Naima. "Umesikia? Haya, nendeni. Lakini mkwe wangu, usinicheleweshe. Mifupa yangu imeanza kuota uyoga."

Aliyewapokea kijijini ni Bwana Hugo Merzbacher, katibu, mtu mwembamba kama mwanzi, kaptura yake imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Aliwatembeza kati ya mabanda bila kugeuka nyuma. Mbele yao wanaume wawili walikuwa wakielekeana, mmoja na ndoo ya mavi ya kuku, mwingine na toroli la pumba. Wote wawili walivaa tai. Walipokutana walisimama, wakainamiana.

"Habari za asubuhi, Bwana Daktari."

"Njema, Bwana Profesa. Nasikitika kukuarifu kwamba yule kuku wako wa madoadoa ameingia tena kwangu."

"Aibu iliyoje! Ametaga?"

"Ametaga."

"Basi yai ni lako. Limetagiwa kwako."

"Haiwezekani, Bwana Profesa. Yai humfuata mwenye kuku. Nitakuletea saa kumi kamili."

Wakainamiana tena, wakaendelea na mavi na pumba zao.

"Huyo mwenye ndoo ni Daktari Wolfental," Merzbacher akasema. "Alikuwa jaji kule Breslau. Mwenzake alifundisha elimu ya nyota chuo kikuu."

Naima alibaki mdomo wazi. Kwao Hilla jaji hakubeba hata mwavuli wake mwenyewe. Watu hawa, Wayahudi kama yeye, walikuwa wamefungiwa milango katika nchi yao ya Ujerumani, mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki na mlango wa kutokea. Wakapita huo, wakafika juu ya mchanga ambapo hapakuwa na aliyehitaji majaji wala nyota. Watu walihitaji mayai. Basi wakanunua vitabu vya kuku, wakavisoma kuanzia jalada hadi jalada, wakaulizana maswali kama wanafunzi wa mtihani, na ndipo wakaenda kutafuta kuku.

Sabato yao ya kwanza pale ilipokwisha, jioni, Naima alisikia sauti ikitoka kwenye ghala la kupangia mayai. Alimvuta Sasson, wakaenda kuchungulia mlangoni. Trei za mayai zilikuwa zimesukumwa ukutani, viti vimepangwa safu kwa safu, na mbele wanaume watatu na mwanamke mmoja walikuwa wakipiga fidla kubwa na ndogo. Wasikilizaji walikuwa wamefumba macho. Wanawake walivaa nguo za hariri zilizokuja na meli, na mikono yao mapajani ilikuwa imepasuka kwa chokaa na dawa ya mabanda. Pua ya Naima ilinusa mavi ya kuku, na masikio yake yalikuwa mahali pengine kabisa, mahali asipopajua jina. Machozi yakamtoka bila sababu.

"Sasson," akanong'ona, "hawa watu ni nani?"

"Wafuga kuku."

"Usinitanie."

"Basi ni malaika," Sasson akasema, "ila wananuka."

Sheria za kijiji zilikuwa nyingi: za takataka, za ua, za jogoo. Merzbacher alizitaja zote kwa kichwa, kisha akasimama, akashusha sauti.

"Hizo mtazizoea. Lakini hii moja ndiyo mama yao. Kuanzia saa nane hadi saa kumi watu wanapumzika. Watu hapa huamka alfajiri na wengi usiku hawapati usingizi, kwa sababu zao. Kwa hiyo saa hizo mbili ni takatifu. Hakuna kelele. Hakuna kuita. Hakuna kubisha mlango wa mtu."

"Na likitokea jambo, Bwana Merzbacher?" Naima akauliza.

Merzbacher alimwangalia kana kwamba ameulizwa kama jua huchomoza.

"Jambo litasubiri saa kumi, Bibi Hakak."

Kosa la kwanza lilitokea kabla hata hawajajua majina ya majirani wote. Naima alikuwa na kinu cha shaba na mchi wake, ambavyo mama yake mzazi alimfungia ndani ya nguo za harusi. Siku moja alikuwa akitwanga nyama na mchele wa kutengenezea kuba, vile vitonge vya nyama vya kwao, akiimba kidogo, akijisikia kama yuko kwao, wala hakuitazama saa. Saa kumi barabara mlango ukabishwa. Alikuwa Bibi Ilse Wolfental, mke wa jaji, mwanamke mpana mwenye nywele za fedha, ameshika sahani ya keki ya plamu.

"Bibi Hakak," akasema, "keki hii ni ya kukukaribisha kijijini. Nimekuja pia kukuarifu kwamba nimekushtaki kwenye kamati."

"Kunishtaki? Kwa nini?"

"Kwa kutwanga saa nane na nusu. Sahani nitaichukua kesho. Karibu kwangu unywe kahawa."

Na keki ilikuwa tamu, hilo Naima hakuweza kulikataa.

Kosa la pili halikuwa la Naima. Mama Sasson alikuja kuwatembelea kutoka kambini, na Naima, aliyekuwa ameficha siri yake kwa wiki kadhaa, akamnong'oneza sikioni kwamba ana mimba. Saa ilikuwa tisa mchana. Mama Sasson akarudisha kichwa nyuma akapiga vigelegele ambavyo, wasemavyo wenyewe, vilisikika mpaka baharini. Mtaa mzima madirisha yalifungwa pa, pa, pa.

"Mama! Mama, nyamaza!" Naima akamziba mdomo.

"Ninyamaze? Nimepata mjukuu! Kwani huku furaha ina ratiba?"

"Ina, mama."

"Basi watanizika hai."

Saa kumi Merzbacher alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Hongera kwa ujauzito, Bibi Hakak. Mungu akujalie afya. Onyo la pili."

Usiku huo Sasson alikifunga kinu kwenye blanketi akakisukuma chini kabisa ya kitanda. Hawakuwa na haja ya kuelezana. Lilibaki kosa moja. Likitendeka, mtoto wao angezaliwa juu ya matope, na mifupa ya mama ingeendelea kuota uyoga. Tangu siku ile Naima alitembea kama paka. Alijifunza kufunga mlango kwa kitambaa, kuteka maji bila ndoo kugonga, kupiga chafya ndani ya mto. Na katika kunyamaza huko, jambo la ajabu likampata: akaanza kuusikia ukimya wenyewe. Kijiji kizima cha watu walioona mengi kikivuta pumzi kwa pamoja nyuma ya mbao za madirisha. Upepo kwenye miti ya misonobari. Na mbali, bondeni, pampu ya maji ikipiga tuku, tuku, tuku, kama moyo wa mtu aliyelala salama.

Mwaka ulikuwa umebakisha wiki chache uishe, na tumbo la Naima limeshakuwa kubwa, ulipokuja ule upepo wa jangwani ambao wenyewe huuita sharav. Nyie mlioko pwani mnajua joto, lakini joto la sharav halina jasho. Linakausha jicho ndani ya kope. Mbingu iligeuka njano. Asubuhi ile Sasson alikwenda kwenye barabara yake na kitambaa chenye maji kichwani, na Naima akabaki na kuku. Walikuwa wamepanua midomo, wamening'iniza mabawa. Dawa ya sharav kila mfugaji aliijua: maji, na maji tena. Unamwagilia magunia yanayoning'inia pembeni mwa banda, unanyunyiza paa, unajaza vyombo vya kunywea bila kukoma. Watu walifanya hivyo mpaka saa nane. Mabomba yakaachwa wazi yadondoshe polepole kwenye magunia, madirisha yakafungwa, kijiji kikanyamaza.

Naima hakulala. Alikuwa bandani, mkono mmoja kiunoni, aliposikia kitu kikipungua. Hakujua mara moja ni nini. Kisha akaelewa. Tuku tuku ya bondeni ilikuwa imekoma.

Bomba likakohoa, likatema hewa, likakauka. Na kuku wa kwanza akaanguka ubavu, miguu ikanyooka.

Nyuma ya kiwanja chake kulikuwa na shamba la michungwa, na ndani yake birika kubwa la saruji la kumwagilia miti, limejaa maji ya kijani. Naima alichukua ndoo mbili na kutembea peku juu ya mchanga uliounguza, akateka taratibu, ndoo isigonge ukingo, akarudi. Akaenda tena. Na tena, huku mtoto akimpiga teke ndani kama anayesema kaa chini. Magunia yakalowa, kuku wake wakaanza kunywa, wakafumba midomo mmoja mmoja. Alikuwa amewaokoa, bila kutoa hata mlio.

Akakaa kwenye kizingiti. Angeweza kubaki hapo mpaka saa kumi, na hakuna ambaye angemlaumu. Tatizo ni kwamba sasa alikuwa akisikia mabanda ya wengine. Kuku wa sharav halii kama kuku. Anakoroma kama mtu anayesakamwa na mfupa. Mkoromo ulitoka kwa Wolfental, ukatoka kwa profesa, ukatoka mtaa mzima mpaka mwisho wa kilima. Na kilichomtisha zaidi, banda moja baada ya jingine lilianza kunyamaza, na huo haukuwa ukimya alioupenda.

Alikimbilia lango la Wolfental akaliwekea mkono. Dirisha limefungwa. Akauondoa mkono. Akaenda kwa profesa, akasimama, akarudi. Jua lilisimama juu ya mtaa mtupu, na mtaani alikuwa peke yake. Alimfikiria mama yake Sasson, na mvua ya kambini, na sufuria zinazoelea. Aliufikiria ule muziki wa ghalani na mikono iliyopasuka juu ya hariri. Walishapoteza mara moja kila kitu walichokuwa nacho. Mayai haya ndiyo waliyoanzia upya.

"Nisamehe, mwanangu," akaliambia tumbo lake. "Huenda ukazaliwa hemani."

Akaingia ndani, akapiga magoti kwa shida, akavuta blanketi chini ya kitanda. Akatoka na kinu cha shaba begani na mchi mkononi, akasimama katikati ya njia, akagonga.

Wanaomkumbuka husema mlio ule ulipita juu ya paa kama kengele ya moto. Aligonga akitembea, akiita kwa Kiebrania chake cha kuvunjikavunjika, "Maji! Hakuna maji! Kuku wanakufa! Amkeni!" Na milango ikafunguka. Ilifunguka yote, karibu kwa pamoja. Jaji Wolfental alitoka na pajama ya mistari, na miguuni buti za shamba zilizofungwa kamba mpaka juu. Profesa alitoka na pajama ya buluu, ndoo tayari mkononi. Bibi Ilse alikuwa na gauni la kulalia na kofia ya jua. Walikuwa wamekaa kijiji kimoja tangu walipoanza na mchanga mtupu, na hawakuwahi kuonana bila tai. Walitazamana mara moja, wakageuza macho.

"Birika!" Naima akapiga kelele. "Shamba la michungwa! Leteni ndoo!"

Ndipo Merzbacher akafika mbio kutoka mwisho wa kilima, uso mwekundu kama nyanya. Watu wakampisha. Aliangalia saa yake ya mkononi, akaangalia kinu, akaweka kidole mdomoni.

"Saa tisa kasoro," akanong'ona. "Tafadhali, mabibi na mabwana. Kimyakimya."

Na wallahi wakamtii. Hilo Naima amelisimulia maisha yake yote, na kila akifika hapo sauti yake hupungua yenyewe. Kijiji kizima kilijipanga mstari kutoka birikani hadi mabandani, wanaume wenye pajama, wanawake wenye magauni ya kulalia, wazee waliowahi kuhutubia mabunge na vyuo, na ndoo zikapita mkono kwa mkono bila sauti. Zilisikika pumzi tu, na midomo ikisogea.

"Tafadhali, Bwana Daktari," kwa mnong'ono.

"Asante, Bwana Profesa. Ndoo ina tundu."

"Nimeliona. Nimeliziba kwa kidole."

Maji yalimwagika kwenye magunia, kwenye mapaa ya bati yakafuka mvuke, kwenye migongo ya kuku. Manyoya meupe yalipeperuka juu ya kichwa cha kila mtu kama theluji waliyoiacha kwao. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyelalamika, hakuna aliyempita mwenzake. Mwanamke mmoja alilia akipokezana ndoo, machozi yanashuka na mikono haisimami, na hata kwikwi yake aliimeza. Naima alisimama katikati ya mstari huo akipokea na kutoa, akahisi nywele za mikono zikisimama. Alikuwa ameona watu wakisali Siku ya Kufunga kule Hilla, sinagogi imejaa mpaka uani. Hakuwahi kuona sala kama hii.

Kengele ya ofisi ilipogonga saa kumi, wote walifumuka kwa mpigo. Waliitana, walipiga mayowe, waligombania magunia, mtu akamtukana fundi wa pampu kwa Kijerumani kirefu, Bibi Ilse akacheka na kulia pamoja. Mabanda mengi yalikuwa yamepona. Kuku waliokufa walikuwepo, wengi, na wengi wao walikuwa wa Merzbacher, kwa kuwa banda lake lilikuwa mwisho wa kilima, na maji yalilifikia mwisho.

Hakuna aliyemwambia Naima kitu jioni ile. Walimwinamia tu wakipita. Naye alijua kuinamiwa na watu hawa si jibu. Waliwainamia hata kuku wao.

Mkutano uliitishwa ghalani kabla ya juma kwisha. Mama Sasson alikuja kutoka kambini kwa miguu, akakataa katakata kurudishwa. "Kama wanamfukuza mjukuu wangu, wanifukuze nikiwatazama machoni." Kanuni ilikuwa kwamba wanachama hukaa vitini na walio kwenye majaribio husimama ukutani. Basi wakasimama wote watatu, Naima katikati, mikono juu ya tumbo.

Merzbacher alisimama mbele. Alikuwa amekonda zaidi.

"Jambo la kwanza," akasema. "Siku ya sharav, kati ya saa nane na saa kumi, Bibi Hakak aligonga kinu njiani na kupaza sauti. Ni kosa la tatu. Kanuni inajulikana. Jambo la pili ni pampu."

"Jambo la pili ni shukrani!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Shukrani si jambo la ajenda. Tunaweza kumshukuru na kumfukuza. Hakuna kinachozuia."

"Anasema nini?" Mama Sasson akauliza kwa Kiarabu.

"Anasema wanashukuru, mama," Sasson akajibu.

"Mbona wewe umekuwa mweupe?"

Ndipo Daktari Wolfental akanyanyuka. Alikuwa na tai, na alichukua muda kuisawazisha.

"Bwana Katibu, naomba kuuliza. Kosa analoshtakiwa Bibi Hakak ni lipi hasa?"

"Kuvunja mapumziko."

"Ya nani?"

"Ya kijiji, Bwana Daktari. Unajua hilo."

"Najua kidogo mambo ya mashtaka," jaji akasema, na watu wakacheka kwa adabu. "Shtaka linahitaji mtu aliyeumizwa. Naomba aliyekuwa amelala Bibi Hakak alipogonga asimame."

Hakuna aliyesimama. Kiti kimoja kililia, mwenye kiti akakituliza.

"Mimi sikuwa nimelala," Wolfental akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Nilisikia pampu ikikoma. Nikasikia bomba likikauka. Nikavaa buti. Nikasimama nyuma ya mlango nikiwasikiliza kuku wangu wakifa, nikawaza: jirani yangu Profesa amelala, si haki kumwamsha."

"Nami nilikuwa nyuma ya mlango wangu," profesa akasema, bila kusimama, akitazama magoti yake. "Nilikuwa na ndoo. Nilikuwa nakufikiria wewe."

"Mimi nilikuwa kitandani, macho wazi," Bibi Ilse akasema. "Nimefumbata mikono kifuani kama maiti. Kwa adabu!"

Mmoja baada ya mwingine wakasema. Wote walikuwa macho. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama nyuma ya milango yake, viatu vimefungwa, kila mtu akilinda usingizi wa mwenzake ambao haukuwepo. Naima alisikiliza na ngozi yake ikasisimka, maana ulikuwa upuuzi mkubwa, na ulikuwa pia upendo mkubwa, na hakuweza kuvitenganisha.

"Kule tulikotoka," Wolfental akasema, "tulitii kila kanuni, mpaka siku kanuni ilipotushika ukosi ikatutoa nje. Nilidhani nilishajifunza. Kumbe alihitajika mwanamke mwenye kinu."

Akaketi. Sasa wote walimtazama mtu mmoja, aliyebaki amesimama mbele, ambaye hakuwa amesema alikuwa wapi.

Merzbacher alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, maana alikuwa na kitambaa maalumu.

"Nilikuwa langoni kwangu," akasema hatimaye. "Nje. Mkono kwenye komeo, saa mbele ya macho. Niliona mshale wa dakika ukitembea. Banda langu lilinyamaza nikiwa nimesimama pale, na bado ilikuwa mapema." Alivaa miwani tena. "Sina la kuongeza. Wanaokubali Bibi na Bwana Hakak wawe wanachama, wanyooshe mkono."

Wa kwanza kunyoosha alikuwa yeye. Kisha mikono ikapanda ghalani kote, mikono ya majaji na wapiga fidla, yenye nyufa na chokaa na pete zilizobana kwenye vidole vilivyovimba kwa kazi. Hakuna aliyepiga makofi. Waliishikilia tu juu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sasson alimshika mamaye mkono, akamwambia neno moja sikioni, na bikizee akauma shela yake kwa meno yote aliyokuwa nayo, kigelegele kisimtoke.

Naima aliegemea ukuta. Merzbacher aliliona hilo. Alitazama huku na huku, viti vyote vilikuwa na watu, akachukua kile cha kwake, cha katibu, kilichokuwa nyuma ya meza, akakibeba kupita katikati ya safu zote na kukiweka mbele yake.

"Wanachama hukaa, Bibi Hakak," akasema.

Naima akakaa. Merzbacher akarudi mbele, akasimama wima pembeni ya meza, akasafisha koo.

"Jambo la pili," akasema. "Pampu."

Wakaijadili pampu mpaka giza likaingia, nati kwa nati, kila mtu akiomba ruhusa kabla ya kusema, na katibu hakukubali kuletewa kiti kutoka kwa mtu yeyote. Naima hakuelewa nusu ya maneno yao. Lakini alipoulizwa, kama mwanachama yeyote, iwapo anaafiki kununuliwa kwa mkanda mpya wa mashine, alinyoosha mkono wake juu kabisa.